Tanuri la Moshi Wakati wa Kipupwe

Mwezi Juni unapoingia, Nyanda za Juu Kusini huanza msimu wa kipupwe. Mbeya, mji ulioko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huweza kupata usiku wenye nyuzi 5 za Sentigredi, na juu zaidi, katika uwanda wa Kitulo, umande huganda ukawa jalidi juu ya majani. Iringa haina baridi kali kiasi hicho, lakini upepo wake wa kiangazi unajulikana na kila aliyepata kuanika nguo huko. Msimu huu huwaletea taabu wale wanaokausha au kuiva nyama na samaki kwa moshi. Kuni zilizotosha mwezi Februari hazitoshi tena. Pande la nyama lililokuwa likiiva kabla ya adhuhuri hufika alasiri likiwa bado bichi katikati, ingawa nje limekwisha kuwa jeusi.

Wengi husema, “Baridi imezidi,” na kuongeza kuni. Kauli hiyo si ya uongo, ila ina nusu tu ya ukweli. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifuata, kwamba baridi ni mwizi mdogo. Mwizi mkubwa ni upepo unaopita juu ya bati tupu. Yanaonyesha pia kwamba tanuri likivikwa vazi linalofaa, wezi wote wawili hupungukiwa na nguvu kwa pamoja.

Tanuri lenyewe

Tanuri linalozungumziwa hapa ni lile la kawaida linaloundwa kwa pipa la mafuta la lita 200. Moto hukaa chini, nyama hutundikwa au kulazwa juu ya wavu, kifuniko huwa juu, na bomba fupi hutoa moshi. Katika nchi nyingine kifaa hiki kimepata ndugu wa kisasa. Mwaka 1986 Mmarekani Joe Traeger, wa mji wa Mount Angel katika jimbo la Oregon, alipata hataza ya jiko linalochoma vidonge vya mbao, yaani maranda yaliyosagwa na kushindiliwa mpaka yakawa punje ngumu zenye unene wa milimita 6 hivi. Parafujo inayozungushwa na mota husukuma vidonge kidogo kidogo hadi kwenye chungu cha moto, feni hupuliza hewa, na kipimajoto cha umeme huamua parafujo izunguke kwa kasi gani. Katika nchi zenye theluji wenye majiko hayo waliona kwamba vidonge huisha upesi wakati wa baridi, wakaanza kuyavika majiko yao mablanketi ya nyuzi zisizoungua. Pipa la Mbeya halina mota wala feni, lakini bati lake ni bati lile lile, na sheria za joto hazibagui.

Joto hutokaje?

Joto husafiri kwa njia tatu. Ya kwanza ni mpitisho: joto hupita ndani ya kitu kigumu kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi, kama linavyopanda kwenye mpini wa kijiko kilichoachwa ndani ya chungu. Ya pili ni myuko: hewa au maji yaliyopata moto huondoka yakiwa yamebeba joto, na mengine ya baridi hushika nafasi yake. Ya tatu ni mnunurisho, ambao hauhitaji kitu cha kupitia. Ndio unaoleta joto la jua duniani, na ndio humpasha uso mtu aliyekaa mbali kidogo na moto.

Watu wengi hudhani kwamba bati la pipa huzuia joto angalau kidogo. Halizuii. Chuma cha pua chenye unene wa milimita 1 hupitisha joto kwa urahisi mno hata kwamba ukinzani wake ni kama sehemu moja tu kati ya 5,000 ya ukinzani wa tabaka jembamba la hewa lililogandamana na uso wake. Tabaka hilo la hewa iliyotulia, ambalo halionekani kwa macho, ndilo nguo pekee ya pipa. Kuna tabaka moja upande wa ndani na jingine upande wa nje. Upepo ukivuma, tabaka la nje hupeperushwa, na pipa hubaki uchi.

Sasa hesabu. Pipa lenye kipenyo cha sentimita 58 na kimo cha sentimita 88 lina eneo la mita mraba 1.9 hivi, likihesabiwa ubavu pamoja na kifuniko na kuachwa kitako. Hewa ikitulia, kila mita mraba ya bati hupoteza takriban wati 5 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Upepo wa wastani ukivuma, kiasi hicho hupanda hadi karibu wati 7.5. Namba hizi ni za makadirio, kwani mnunurisho na myuko hubadilika kufuatana na hali, lakini zinatosha kwa kazi iliyopo. Tuseme ndani ya tanuri panatakiwa nyuzi 110.

Alasiri ya Februari, nje kukiwa na nyuzi 25 na hewa imetulia, tofauti ni nyuzi 85. Zidisha 5 kwa 1.9 kwa 85, utapata wati 810 hivi. Asubuhi ya Julai, nje nyuzi 5 na hewa bado imetulia, tofauti ni nyuzi 105, na upotevu ni wati 1,000. Baridi, basi, imeongeza wati 190 tu, chini ya robo. Upepo ukianza asubuhi hiyo hiyo, upotevu huruka hadi wati 1,500. Upepo peke yake umeongeza wati 500, zaidi ya mara mbili na nusu ya ongezeko lililoletwa na baridi. Ndiyo maana mtu wa Iringa, ambaye kipimajoto chake hakishuki kama cha Mbeya, huweza kuteketeza kuni zaidi. Si jambo la bahati kwamba mitambo ya kwanza ya upepo ya kuuza umeme katika Tanzania, mitatu kwa idadi na yenye uwezo wa jumla wa megawati 2.4, ilisimikwa Mufindi mwaka 2020.

Kutokana na hesabu hiyo, hatua ya kwanza haihitaji hata senti moja: pipa lihamishiwe mahali palipokingwa na upepo, nyuma ya ukuta au ua wa matete. Lisiingizwe ndani ya chumba. Moto unaofukuta hutoa hewa ya ukaa ya monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo imekwisha kuua watu waliolala na jiko la mkaa wakikimbia baridi hii hii.

Vazi la tanuri

Vazi linalofaa ni lile linaloshika hewa na kuizuia isitembee. Hewa iliyotulia ni kihami bora. Sufi, manyoya ya kondoo na maranda makavu hupata sifa zao kutokana na hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Pipa likizungushiwa sufi ya mawe, zile nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, yenye unene wa sentimita 2.5, upotevu wa asubuhi ile ya Julai yenye upepo hushuka kutoka wati 1,500 hadi 260. Upepo ukikoma huwa 240. Tazama namba hizo mbili za mwisho: upepo uliokuwa ukila wati 500 sasa unakula 20 tu, kwa kuwa nguo ya hewa ya pipa imehamia ndani, mahali ambapo upepo hauwezi kuivua.

Je, unene ukiongezwa mara mbili, faida nayo itakuwa mara mbili? Hapana. Sentimita 5 hushusha upotevu kutoka 260 hadi 145 hivi. Sentimita 2.5 za kwanza ziliokoa wati 1,240. Za pili zimeokoa 115. Mwenye fedha kidogo asinunue blanketi nene. Anunue jembamba litakaloenea kila mahali.

Na hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme blanketi limefunika ubavu wote lakini kifuniko na mlango vimeachwa wazi, jumla yake ikiwa moja ya tano ya eneo lote. Sehemu nne zilizofunikwa hupoteza wati 210. Ile moja iliyo wazi hupoteza 300. Upenyo mdogo umeshinda eneo lote lililovikwa. Kwa saa sita za kazi, pipa tupu katika upepo hupoteza kupitia bati lake nishati ya kiasi cha megajuli 32, ambayo ni sawa na kilo 2 za kuni kavu. Lililovikwa nusunusu hupoteza kuni za kilo 0.7; lililovikwa sawasawa, kilo 0.35. Joto linalotoka na moshi kwenye bomba halimo katika hesabu hii, nalo si dogo, lakini bomba halizibwi. Moto usiopata njia ya kutolea moshi hufifia, ukafukuta, na moshi mzito huacha lami chungu juu ya nyama.

Katika viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe mabomba ya mvuke huvikwa kwa sababu hizi hizi. Mabani ya kukaushia tumbaku ya mvuke huko Chunya nayo hujengwa kwa kuta nene za matofali. Penye nyufa kuni za miombo huteketea bure.

Vazi la udongo

Sufi ya mawe haipatikani kila duka, na udongo upo kila mahali. Wahehe walijua kazi ya udongo tangu kale: tembe, nyumba yao yenye kuta nene na dari lililofunikwa kwa udongo, hubaki na uvuguvugu usiku na ubaridi mchana. Je, pipa lifanyiwe vivyo hivyo?

Jibu linategemea muda. Udongo uliochanganywa na nyasi na kukandikwa kwa unene wa sentimita 5 hushusha upotevu wa asubuhi yenye upepo kutoka wati 1,500 hadi karibu 860. Ni faida ya wastani tu, kwani udongo si kihami kizuri. Aidha, udongo huo una uzito wa kilo 140 hivi, nao hapana budi upate moto kwanza. Kuupasha hula nishati ya karibu nusu kilo ya kuni. Kwa kazi ya saa tatu, kinachookolewa hakifikii hata kile kilichotumika kuupasha udongo, na mtu amepata hasara. Kwa kazi ya kutwa, au tanuri linalowashwa siku baada ya siku bila kupoa kabisa, udongo hulipa. Muuza samaki wa Mtera anayebanika tangu alfajiri aukandike. Mwenye sherehe moja kwa mwezi asijisumbue.

Njia ya kati ni pipa ndani ya bati. Bati bapa huzungushwa nje ya pipa kwa kuacha nafasi ya sentimita 3, na nafasi hiyo hujazwa majivu makavu yaliyochekechwa. Majivu ni mepesi, hayaungui, na yanashika hewa nyingi. Juu pawekwe ukingo wa kuzuia mvua na ukungu, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na majivu yaliyolowa hayana faida yoyote.

Yasiyofaa kuvikwa

Pipa tupu kwenye baridi huwa na bati la nyuzi 57 hivi, katikati ya joto la ndani na baridi ya nje. Likivikwa, bati hilo hilo hukaribia nyuzi 100, na karibu na moto huzidi sana hapo. Kwa hiyo blanketi la kulalia, gunia la nailoni, godoro la sponji na maranda yasiyokingwa havifai kugusana nalo. Baadhi huyeyuka, mengine huwaka, na sponji hutoa moshi wenye sumu juu ya chakula. Rangi ya zamani ya pipa nayo iunguzwe na kukwanguliwa kabla ya chakula cha kwanza kuingia.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Mabomba na mashine kuukuu pengine huwa na vazi jeupe lenye nyuzi laini, na mafundi huona ni hasara kulitupa. Huenda likawa asibesto. Vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni, na saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Lisichukuliwe, lisikatwe, na lisikaribishwe jikoni.

Kuhusu kuni: Msitu wa Sao Hill, karibu na Mafinga, huzalisha maranda mengi, na kishawishi cha kuyatumia ni kikubwa. Ila mengi ni ya msindano, mti wenye utomvu, ambao moshi wake ni mchungu na huacha masizi. Muwati wa Njombe au mpera hufaa zaidi, ukiwa mkavu. Kuni mbichi hutumia sehemu kubwa ya moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake, na hakuna vazi la tanuri litakalofidia hilo.

Nyama isiyoiva

Hadi hapa suala limekuwa la kuni. Kuna lililo zito zaidi. Nyanda za Juu Kusini zina ufugaji mkubwa wa nguruwe, na tegu wa nguruwe amethibitishwa na watafiti katika wilaya kama Mbozi, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Nyama yenye ugonjwa huo huwa na vifuko vidogo vyeupe, kiasi cha punje ya njegere ndogo. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu hukua tumboni mwake. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, na yakiingia katika maji au chakula cha mtu mwingine, au kurudi kinywani mwa yule yule kwa mikono michafu, mabuu yake huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mgonjwa wa kifafa huenda hakuwahi kula nyama ya nguruwe maishani mwake.

Nyama ya namna hiyo isiuzwe wala kuliwa. Ni kazi ya mkaguzi kuizuia. Lakini ukaguzi haufiki kila mahali, na kinga inayobaki mikononi mwa mpishi ni joto. Katikati ya pande la nyama ya nguruwe pafikie nyuzi 71. Rangi ya nje haionyeshi chochote, kwa kuwa moshi hupaka weusi hata nyama mbichi. Tanuri tupu katika upepo wa Julai linaweza kukaa saa nyingi likiwa na nyuzi 60 au 70 tu mahali pa nyama, mwenyewe akidhani linafanya kazi, ilhali ndani ya nyama mna uvuguvugu unaopendwa na bakteria. Palipo na kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, kitumike. Pasipo nacho, nyama ikatwe vipande vyembamba, na baada ya moshi ichemshwe. Mwinuko nao ukumbukwe: Mbeya maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, na kwa sababu hiyo kuchemsha kuendelee kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyozoeleka pwani.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha yote haya bila pipa wala nyama. Yatafutwe makopo manne ya maziwa yaliyo sawa, na kila moja litiwe gramu 400 za maji yaliyotoka kuchemka. Kila kopo lifunikwe kwa ubao mdogo wenye tundu la kipimajoto. La kwanza liwekwe tupu ndani ya darasa, madirisha yakiwa yamefungwa. La pili liwekwe tupu nje, kwenye upepo. La tatu livikwe kitambaa kikavu cha sufu, mikunjo miwili, likae kando ya la pili. La nne livikwe kitambaa kama hicho kilicholoweshwa na kukamuliwa, likae hapo hapo. Wanafunzi wasome vipimajoto kila baada ya dakika tano kwa saa moja, wachore michoro minne kwenye karatasi moja, na kila mmoja aandike utabiri wake kabla maji hayajamiminwa.

Makopo ya kwanza na ya pili yatadhihirisha kazi ya upepo, mradi darasani na nje pasitofautiane mno kwa baridi. La tatu litaonyesha kazi ya vazi. Kopo la nne ndilo litakaloleta ubishi. Wengi watatabiri kwamba litakuwa katikati ya la pili na la tatu, kwa hoja kwamba nguo yenye maji ni bora kuliko kukosa nguo. Siku ya upepo mkavu huenda likapoa kuliko yote. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua karibu juli 2,400. Kama joto hilo lote lingetoka ndani ya kopo, gramu hiyo moja ingeshusha maji yote 400 kwa nyuzi 1.4. Wanafunzi wapime kitambaa kwa mizani kabla na baada ya saa ile, waone gramu ngapi zimepotea, kisha waulizwe kwa nini blanketi la tanuri lililonyeshewa usiku linapaswa kuanikwa kwanza kabla moto haujawashwa.